Injini Imenoki, Dereva Kafukuzwa, na Mimi Ninajua Sababu

Bibi Kandida mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Kibaoni, hapa Ifakara, nikikuomba unisaidie kwa shauri, maana jambo hili nimelibeba peke yangu, na mtu wa kumwambia sina, kwa sababu kila ninayemfikiria ama ni ndugu wa mke wangu ama ni mteja wangu, na padre ndiye wa mwisho kabisa ninayeweza kumwendea, utaona mwenyewe kwa nini. Naomba usicheke kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho cheka kidogo tu.

Mimi ni fundi wa magari. Kazi nilijifunza Morogoro kwa Singasinga mmoja aliyekuwa mkali sana lakini hakumficha mtu ujuzi, kisha nikarudi nyumbani, nikaoa, nikajenga banda langu nyuma ya nyumba, na malori yanayobeba mchele wa bonde hili karibu yote yamepita mikononi mwangu. Mwaka huu baada ya mavuno mzee mmoja hapa mjini, Mzee Theodori, akaniletea lori lake niishushe injini, maana lilikuwa limechoka, linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na mlima likiuona linaomba msamaha. Nikaishusha yote. Krenki, ile shafti kubwa inayozunguka chini ya injini, niliipeleka Morogoro ikachongwe upya, beringi mpya, vile vibamba laini vinavyoikumbatia krenki, zikaja kwa treni mpaka Kilosa, kila tundu la oili nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli, kila nati nikaikaza kwa mkono ule ule niliofundishwa, na siku nilipoiwasha, Bibi, iliwaka mara moja na kutulia, huwezi kuamini ni lori lile lile. Nikaiacha ikinguruma asubuhi nzima huku mshale wa geji ya oili umesimama pale unapotakiwa, nikaizima, nikaridhika, nikampelekea Mzee Theodori habari kwamba kesho yake twende safari.

Sasa lazima nikueleze habari za mama mkwe wangu, maana bila yeye hutaelewa kitu. Jina lake sitalitaja, kwetu mkwe hatajwi jina, na hata hapa kwenye karatasi mkono unakataa. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, tukikutana njiani yeye huingia kwenye nyasi kidogo na mimi nageuza uso, tunaamkiana kila mtu akitazama upande wake, na neno lake likitaka kunifikia linapita kwa mke wangu Domitila, na langu kwake vile vile. Miaka yote hii ya ndoa sijui hata anavyotafuna. Lakini usidhani kwamba hatupendani. Nilipoumwa homa mwaka ule tuliooana, uji ulikuwa unakutwa mlangoni kila asubuhi umefunikwa kwa jani la mgomba na hakuna aliyesema umetoka wapi, nami kwa upande wangu, paa lake likianza kuvuja, anakwenda misa na akirudi analikuta limeezekwa. Ndiyo mazungumzo yetu.

Mumewe, baba yake Domitila, alikuwa utingo wa lori. Alikufa Domitila akiwa bado mdogo wa kubebwa, lori lilipopinduka kwenye mteremko wa mbele ya Kidatu, na tangu siku hiyo mama huyu hayapendi magari kabisa, halafu mimi nikaja nikamwoa binti yake na kufungua banda la magari mbele ya macho yake. Hakusema neno. Ila kila lori likitoka bandani kwangu yeye hutoka nje ya nyumba yake na kulitazama mpaka lipotee. Na safari hii Domitila alikuwa amemwambia kwamba na mimi ninapanda, maana injini ikiwa mpya fundi husafiri nayo safari ya kwanza, ndiyo desturi yetu, ili lolote likitokea awepo.

Basi mchana ule nilikuwa naongeza oili, mama yuko jikoni kwa Domitila anapepeta mchele, mara Domitila akanijia anacheka, akasema, "Mama anauliza, hilo gari chakula chake kinaingilia wapi?" Bibi, nilifurahi mno, maana hajapata kuuliza chochote kuhusu kazi yangu tangu nimwoe binti yake. Nikakishika kifuniko cha juu ya injini pale ninapomiminia oili, nikakipandisha juu wakione vizuri hata walioko jikoni, nikasema kwa mbwembwe zangu, "Mwambie mama, mdomo wake ndio huu! Chochote kikiingia hapa kinakwenda moja kwa moja moyoni!" Nikasikia mama anasema, "Haya." Nikaona leo nimeheshimiwa.

Asubuhi tukapakia mchele tukaondoka, mimi na dereva, Ponsiano, tumekaa mbele. Huyu Ponsiano ni dereva ambaye kila siku huwa anachelewesha safari kwa kukagua, na hata siku ile kabla ya kuwasha alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akaniambia, "Fundi, mbona oili umejaza mno, imepita alama." Nami nikamjibu, "Bora izidi kuliko ipungue, kaka, twende." Naomba ulikumbuke neno hilo maana mimi nalikumbuka mchana na usiku.

Tulikwenda vizuri, injini inaimba, tunapiga hadithi. Tulipokaribia Mkula mshale wa geji ukatikisika, ukapanda kidogo, kisha ukaanguka chini kabisa. Ponsiano hakungoja niseme. Alikanyaga klachi, akazima, akaliacha lori lijikokote lenyewe mpaka pembeni, hakuna dereva ambaye angefanya upesi kuliko vile, lakini kabla halijazimika nilikwisha kuusikia ule mlio ko, ko, ko, mlio mzito unaotoka chini, ule ambao fundi hataki kabisa kuusikia kwenye injini aliyoifunga jana. Tukapima oili, ipo, tena tele. Nikasema labda ni geji tu imekufa, nikaiwasha kidogo nisikilize, nikawa naondoa waya za plagi moja moja kwa bisibisi, na nilipoondoa ya tatu ule mlio ukapungua ukawa kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Hapo nikajua ni beringi ya konrodi ya tatu, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na nikajua kwamba tunarudi nyumbani kwa kuvutwa. Na ndivyo ilivyokuwa, Ifakara nzima ikatuona.

Mzee Theodori alikuja bandani amefura. Akauliza, "Ni wewe au ni dereva?" Nikamwambia, "Mzee, nipe nafasi nifungue kwanza."

Nikafungua. Nilipoimwaga oili, kwanza yalitoka maji ya rangi ya maziwa machafu, nikashangaa, kisha ikafuata oili yenyewe ikimetameta kiganjani, maana yake madini ya beringi yamesagika humo ndani. Singasinga wangu alinifundisha kwamba beringi ikifa hueleza yenyewe imekufaje. Ikiwa imeuawa na mchanga utaiona ina mistari na chembe zimekwama ndani yake, ikiwa fundi kaikaza vibaya itaungua hiyo moja na nyingine ziko salama, lakini ukiona zote zimefutika uso, nyeusi, na iliyoumia zaidi ni ile ambayo oili huifikia kwa shida, basi hizo zimekufa kwa kiu. Zangu zilikufa kwa kiu. Oili tele kwenye karai la chini ya injini, na beringi zimekufa kwa kiu. Nikaifuata njia ya oili kinyumenyume, beringi mpaka tundu, tundu mpaka pampu, pampu mpaka lile chujio la waya linalokaa chini kabisa ya karai, na chujio nikalikuta halina hata kitundu kimoja kilicho wazi. Limezibwa na kitu cha kahawia, kigumu, kama ukoko. Nikakibandua kwa kucha. Nikanusa. Nikaonja, Bibi, ndiyo, nilionja. Ulikuwa ni unga wa mtama.

Nikainua kichwa nikamwona Domitila kasimama mlangoni, mikono kichwani.

Akanieleza yote. Jioni ile ya kabla ya safari, nilipokuwa naoga, mama alikuja na bakuli la unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, kama wazee wao wa upande wa Mahenge walivyokuwa wakifanya mtu wao akisafiri, akaliendea lori peke yake, akafungua kile kifuniko nilichokipandisha mwenyewe juu wakione, akasema maneno yake kwa waliotangulia, akamimina. Domitila alikuja kuambiwa baada ya lori kurudishwa. Na unajua maneno yenyewe yalikuwaje? Alisema, "Mkwe wangu yumo humu, mrudisheni." Unga ule ulikuwa kwa ajili yangu mimi. Mchele wa Mzee Theodori haukutajwa hata kidogo.

Sasa sikiliza balaa langu. Mzee Theodori aliporudi kuuliza nimeona nini, Ponsiano alikuwapo, anasaidia kufuta vyuma. Mimi nikasema, "Mzee, beringi zimekosa oili." Neno hilo ni la kweli, Bibi, hata mbele ya hakimu ni la kweli, na nilitaka kuendelea lakini sikuwa najua nitaendeleaje, na kabla sijajua mzee alikwisha kumgeukia Ponsiano, "Umesikia? Hukutazama oili! Injini mpya unaiendesha kavu!" Akamfukuza kazi pale pale. Ponsiano akanitazama mimi. Na mimi nikainama nikaanza kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Sasa Ponsiano anakwenda mtoni na nyavu za mjomba wake, mtu ambaye hajui kuvua, na mkewe Yosefina ni mjamzito. Na njiani bado ananisalimu, "Fundi, habari za kazi," kwa sauti ile ile. Angenitukana ningelala.

Domitila analia, anasema nikimwaibisha mama yake nimemwaibisha yeye. Mama huyu ndiye mkubwa wa akina mama wa parokia, ndiye anayewafundisha watoto sala kabla ya komunyo ya kwanza, na padre wetu hana mchezo na habari za tambiko, ikijulikana atasimamishwa mbele ya watu, mwanamke mzima wa umri ule. Nikisema nimemwangamiza mama yangu, nikinyamaza nimemwangamiza rafiki yangu. Na bado, Bibi Kandida, beringi nyingine zimefika, injini nakaribia kuifunga, na jana Domitila ameniambia kwamba mama ameuliza lori linaondoka lini, maana anasema kosa ni lake, safari ile unga haukutosha, na safari hii atakuja na bakuli kubwa.

Nifanye nini?

Ni mimi fundi ambaye ulimi wake umenyamaza,
Kelestini

*

Mwanangu Kelestini,

Marahaba. Jibu hili nimekutumia kwa posta siku ile ile niliyopata barua yako, maana bakuli kubwa haliwezi kungoja gazeti. Wasomaji wanalipata hapa baadaye, na majina ya watu wote nimeyabadili, pamoja na mambo mengine mawili matatu, ili mtu wa huko asije akaanza kunyooshea watu vidole. Nimecheka, ndiyo. Nilicheka ulipoonja. Halafu nikafika kwa Ponsiano na kicheko kikaisha.

Mimi sijui injini. Mambo yako ya krenki na konrodi niliyasoma mara mbili nikaona giza, nikamwita Bwana Dionisi anayetutunzia mtambo wa kuchapia gazeti, nikampa barua aisome sehemu ile tu. Alisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akasema, "Huyu ni fundi hasa. Kazi yake haina kasoro." Nakuambia hili kwanza kwa sababu nimeona katika barua yako unaumwa pia mahali hapo na umeona haya kusema. Ulifanya kazi nzuri ukaonekana mharibifu mbele ya Ifakara nzima. Pole. Pole sana, mwanangu. Huo ni uchungu na una haki ya kuuona.

Sasa nikugombeze.

Unaniandikia kwamba neno lako lilikuwa la kweli, hata mbele ya hakimu. Sikiliza, wewe uliyeweza kuifuata njia ya oili kinyumenyume mpaka kwenye chujio, hebu ifuate na njia ya neno hilo. Ulilisema huku unajua mzee atalielewaje. Ulimwona anavyolielewa. Ulikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana mzee, sivyo," maneno matatu, na badala yake ukatafuta spana. Mtu kafukuzwa kazi kwa kutokutazama oili, naye ndiye mtu pekee siku ile aliyeitazama oili! Yeye ndiye aliyekuambia imezidi. Ukamjibu, "Twende." Kelestini, Kelestini. Kama kuna mtu kwenye lori lile aliyepewa nafasi ya kuiokoa injini ni wewe, na aliyekupa nafasi hiyo ni Ponsiano.

Na usijidanganye kwamba ulinyamaza kwa ajili ya mama mkwe peke yake. Ulikuwa pia unaogopa kusema mbele ya mzee kwamba injini yako imeingiliwa na kitu ukiwa bafuni. Nakuelewa. Hata mimi ningeogopa. Lakini usimbebeshe mama wa watu woga wako wote, wake ni nusu tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, nawa mikono, vaa shati, nenda kwa Mzee Theodori. Usingoje injini ifungwe, usingoje Jumapili. Mwambie, "Mzee, Ponsiano hana kosa. Nilikaa naye. Asubuhi alipima oili mbele yangu, na mshale ulipoanguka alizima kabla sijafungua mdomo. Chujio lilizibwa na kitu kilichoingia gari likiwa bandani kwangu, nikiwa siliangalii. Mimi ndiye mwenye banda na mimi ndiye wa kuulizwa." Atakuuliza kitu gani, mwambie unga. Atakuuliza nani, mwambie, "Mzee, nimekuambia ni banda langu." Hapo si uongo na si ujanja. Gari likiwa mikononi mwa fundi, kila kinachoingia ndani yake ni cha fundi kujibia, hata Singasinga wako angekuambia hivyo. Jina la mkono uliomimina si lako kulitoa. Ni la mwenye mkono.

Atakasirika. Huenda akakusema sokoni, huenda wateja wawili watatu wakapita mbele ya banda lako bila kusimama kwa muda. Vumilia. Vyuma vyake vitengeneze kwa nguvu zako bila kinyongo, na kabla hujaondoka pale usikubali aseme kwamba atafikiria habari ya Ponsiano. Mwambie hiyo injini wewe hutaiwasha mpaka Ponsiano akae kwenye usukani. Wewe ndiye fundi, lori halitaondoka bila wewe, basi mara moja maishani mwako litumie jambo hilo kwa faida ya mtu mwingine. Kisha nenda mtoni ukamwambie Ponsiano mwenyewe, kwa kinywa chako, yote, na la spana pia. Akitaka kukutukana mwache akutukane mpaka atosheke. Umesema ungelala.

Sasa wewe, Domitila, maana najua unasoma begani kwa mumeo. Futa machozi. Unasema ukweli utamwaibisha mama yako. Je, umemuuliza? Mwanamke huyu alibaki na mtoto mgongoni akakulea peke yake, akakuoza kwa fundi wa magari na roho yake ikimwuma, asiseme neno. Hajavunjika. Ninyi wawili mmekaa mkaamua kwamba hawezi kubeba habari ya bakuli moja la unga? Mnamfanya mtoto mdogo. Fikiri siku atakayosikia kwa mtu mwingine, kisimani, kwamba mume wa Yosefina alikosa kazi kwa ajili ya mkono wake, na binti yake alijua, na mkwe wake alijua, na wote wakamwacha apite mbele ya Yosefina akimwamkia kila siku. Hiyo ndiyo aibu. Hiyo hataisahau mpaka anaingia kaburini.

Mwambie leo. Mwambie polepole, mkiwa mnachambua mboga au mnafanya chochote mnachofanyaga pamoja, usimwite kikao. Mwonyeshe lile chujio, yeye ni mpishi, akiona ukoko ataelewa upesi kuliko mumeo alivyoelewa. Mwambie kwamba kile ni mdomo wa oili tu, na kingine chochote kikiingia humo, hata kiwe kitakatifu namna gani, kinakaba. Na habari ya kama alifanya sawa au hakufanya sawa, hiyo ni yake na Mungu wake, na akitaka kuisema kwa padre ataisema mwenyewe kwenye kiti cha maungamo, mahali ambapo padre hana ruhusa ya kumtolea nje. Si ya gazeti, si ya Mzee Theodori, na wala si yangu mimi. Mimi ninachojua ni kwamba mtu aliyempoteza mume kwenye barabara ile akisikia mkwe wake naye anapanda lori hawezi kukaa na mikono mitupu. Ningekuwa yeye nami ningetafuta la kufanya.

Ndiyo maana msimwambie tu "usifanye tena" mkamwacha hivyo hivyo. Mpeni la kufanya. Siku ya safari lori lisitoke kimyakimya asubuhi mama akiwa anachungulia kutoka kwake. Mwalikeni aje uani, kweupe, akae upande wake na mkwe wake akae upande wake kama desturi inavyotaka, asali sala zake kwa sauti mbele ya wote, anazijua kuliko sisi wote. Ampakie Ponsiano chakula cha njiani, naona hapo nafsi yake itatulia kwa pande zote mbili. Na wewe Kelestini, kabla ya hapo, tafuta kufuli dogo ulifunge boneti. Nampenda mama mkwe wako, lakini bakuli kubwa nimeliogopa.

Bwana Dionisi anasema nikuongezee: usisafishe chujio peke yake ukadhani umemaliza. Kila njia ya oili ifunguliwe, ipitishwe waya, ioshwe kwa mafuta ya taa na kupulizwa, maana unga uliopikwa hujificha, na oili ya kwanza uimwage mapema hata kama inaonekana safi. Anasema unajua haya yote ila fundi mwenye majonzi husahau.

Limebaki moja, nalo nakuachia wewe mwenyewe, si Domitila. Akishamweleza mama na mama akaanza kulia, maana atalia, simama nyuma ya ukuta wa jiko, mgeuzie mgongo kama heshima inavyotaka, na kwa mara ya kwanza mwambie neno lako bila kulipitisha kwa mtu. Usimwambie kwamba amesamehewa, hakukukosea wewe. Yule mama hakuomba injini ipone. Hajui hata injini kuharibika na lori kupinduka vina tofauti gani. Aliomba jambo moja tu kwa bakuli lile, na wewe mwenyewe umeniandikia maneno yake. Basi mwambie, "Mama, mimi hapa. Nilirudi."